Mama, Mkwe na Gati ya Musoma

Kaa nikueleze, wewe unayepanga kuzunguka ziwa kwa meli na hujui uanzie wapi. Usione haya kuuliza. Mimi pia niliuliza, na wengi niliowauliza walikuwa hawajakanyaga hata ufuko wa karibu wa Kendu, ingawa kila mmoja alikuwa na ushauri. Nilikuwa binti mkubwa wa mama yangu, nimesoma kidogo misheni, nina Kiswahili cha kutosha kununua chumvi na kuuliza njia. Kwa hiyo mwanzoni mwa miaka ya hamsini, mama alipoamua kusafiri, mpangaji wa safari nikawa mimi.

Kwetu ni Manga, juu ya ukingo mrefu wa milima. Asubuhi hewa ikiwa safi ziwa linaonekana kutoka shambani, chini huko mbali, mstari mwembamba unaong'aa kama bati jipya. Mama alilima miaka yote mstari ule ukiwa huko chini na hakuwahi kuuliza upande wa pili kuna nini. Alichotaka kukiona kilikuwa Musoma, Tanganyika. Ndugu yangu kitindamimba alikuwa ameolewa na kijana wa kwetu aliyepata kazi huko kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Mimba mbili zilikuwa zimeharibika. Kisha habari zikaja kwamba amejifungua mtoto wa kiume, mzima, na amepewa jina la baba yetu aliyefariki.

Mama alikuwa mtu wa Sabato na hakuamini kwamba wafu wanarudi kututembelea. Lakini aliposikia jina lile aliketi chini palepale penye mgomba, jembe mkononi, asiinuke mpaka kuku wakaanza kumzunguka. Aliponyanyuka alisema, "Nitamwona kwa macho yangu."

Sasa fuatana nami, maana hapa ndipo mipango inapoanza. Mama hangeweza kwenda Musoma akakaa. Kwetu kuna heshima tunayoiita chinsoni, na kati ya mama na mume wa binti yake heshima hiyo ni kali. Hawapeani mkono, hawatazamani usoni, hawalali chini ya paa moja. Nyumba ya mkwe si mahali pa mama kuingia hivihivi tu. Na Musoma hatukuwa na mtu mwingine. Ndipo mwalimu wetu wa zamani akanieleza kwamba ipo meli inayozunguka ziwa lote na kukurudisha karibu na ulikotoka: Kendu, Homa Bay, Musoma, Mwanza, Bukoba, bandari ya Kampala, halafu Kisumu. Mama angelala melini. Meli ingefika Musoma asubuhi, ipakie pamba, iondoke alasiri. Musoma ingeguswa mara moja tu katika mzunguko mzima. Saa zile chache za mchana mmoja ndizo zilizokuwa safari yetu. Maji mengine yote yalikuwa njia ya kuzifikia.

Nilijitahidi. Nikuambie niliyoyapata, yakufae. Abiria wa daraja la tatu hukaa sitahani na hujilisha wenyewe, kwa hiyo beba chakula kisichoharibika: ndizi mbichi hazina faida kwa sababu hakuna pa kuzipikia, lakini viazi vitamu vilivyochemshwa na unga wa wimbi uliokaangwa vitakuvusha. Beba mkeka. Usiutandike karibu na bomba la moshi hata kama pana joto zuri, wala karibu na mlango wa kushushia shehena, kwa kuwa katika kila bandari winchi ya kuinulia mizigo itakuondoa. Mizigo igawe mara mbili: mkubwa wa kuacha melini, mdogo wa kushuka nao. Na ukishuka bandari yoyote, usimwulize mchukuzi meli inaondoka lini, mwulize baharia, tena yule anayefunga kamba. Nilijua pia kuchagua siku ya kuondoka ili Sabato isitukute tukipandisha mizigo.

Lori lilitushusha Kendu. Mama akaliona ziwa kwa karibu. Alikwenda mpaka maji yakamgusa vidole, akarudi nyuma, akaenda tena. "Ule mstari," aliniambia hatimaye kwa sauti ya kanisani, "ndio huu?"

"Ndio huu, mama."

"Na nimekuwa nikiupa kisogo nikipanda mahindi."

Tulipopanda, mama mmoja wa kandokando ya ziwa, mfanyabiashara wa samaki wakavu aliyekuwa akienda Homa Bay, alitupa nafasi kando ya makapu yake. Alimkatia mama kipande. Mama akakitazama pande zote.

"Samaki huyu alikuwa na magamba?"

Yule mama akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Alikuwa nayo, dada yangu! Hata mchungaji wenu anamla. Wale wasio na magamba nawauzia wengine."

Homa Bay nilimshusha mama makusudi, ingawa hatukuwa na shughuli. Hiyo nayo iweke akilini: bandari ya kwanza itumie kujifunzia. Ule ubao wa kushukia unayumba na maji yanaonekana chini yake. Tulishuka, tukautazama mlima uliochongoka nyuma ya mji, tukanunua miwa, tukarudi mapema. Mama akaona kwamba ubao haummezi mtu, akafurahi kama mtoto.

Jioni tulipotoka kwenye ule mkono wa ziwa unaoingia bara, nchi kavu ilianza kutuacha. Visiwa vilipita vikubwa kama milima ya kwetu, kisha vikawa vidogo, na mbele pakawa maji na mbingu tu. Nilikuwa nimelisoma neno "ziwa" shuleni. Hakuna aliyeniambia kwamba linaweza kujaa mpaka upeo wa macho. Mbali kabisa ikainuka nguzo nyeusi ya moshi, ikapinda, ikafuatwa na nyingine na nyingine, zinatembea juu ya maji. Mama akanishika mkono. "Kunaungua nini, na huko hakuna nyumba?"

Baharia mmoja akatueleza kwamba ule si moshi. Ni vijidudu vya ziwani, vinazaliwa majini na kupanda juu vyote kwa pamoja, hata haiwezekani kuvihesabu. Tulisimama tukitazama nguzo zile mpaka jua likazama nyuma yake zikawa na rangi ya shaba. Mama alisema sala yake akiwa bado amesimama. Sijawahi kumwona akifanya hivyo kabla wala baada ya siku hiyo.

Asubuhi, Musoma. Mawe makubwa ya mviringo yamekaa majini kama ng'ombe waliolala, na nyuma yake mji mweupe. Mama alikuwa amevaa leso mpya, kijikapu cha wimbi kichwani. Nilikuwa nimemtumia shemeji ujumbe kwa mdomo wa kijana wa kwetu aliyekuwa akirudi kiwandani: "Tutafika na meli ya siku fulani, utupokee gatini." Niliona nimepanga vizuri kupita kiasi.

Mama akatangulia kwenye ubao. Alipofika katikati alinyanyua macho, na palepale ubao unapogusa gati alikuwa amesimama mkwewe, suruali ya kaki imepigwa pasi, kofia mkononi, uso wote meno.

Mama alisimama kama aliyegonga ukuta. Aliivuta leso ya mabegani ikafunika uso, akageuka, akaanza kurudi melini. Nyuma yetu walikuwa watu na mizigo yao.

"Bibi, shuka!"

"Amesahau nini huyo?"

"Mwacheni, anataka kuinunua meli!" mchukuzi mmoja akapiga kelele kutoka chini, na gati nzima ikacheka.

Mama alipenya katikati ya magunia na watoto, akarudi kwenye mkeka wetu, akaketi amegeukia ukuta wa chuma. Nilimfuata.

"Mama, saa zinakwenda."

"Ziende. Nimpite mkwe pale, begani kwake? Leso yangu imguse? Ubao wenyewe upana wake ni huu." Alionyesha kwa viganja. Kisha akasema polepole, "Nenda wewe. Mtazame mtoto. Urudi uniambie anafanana na nani."

Neno hilo lilinichoma. Kuja kote huku, arudi Manga na habari ya kusimuliwa! Nilishuka mbio. Na shemeji yangu mimi ni mtu wa utani, tunaambiana lolote.

"Shemeji! Mama yuko wapi? Nimemwona akirudi ndani, anaumwa?"

"Anaumwa na wewe! Umesimama mlangoni mwake kama askari. Umekaa Musoma mpaka umesahau wewe ni mkwe wa nani?"

Furaha ikamtoka usoni. "Lakini mliniambia niwapokee."

"Ndiyo, na sasa usitupokee. Potea."

Kupotea kulikuwa kazi. Gati ile ilikuwa ndefu na nyembamba, njia ya kwenda mjini ni moja. Alijificha nyuma ya marobota ya pamba. Nikapanda kumwambia mama.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Nyuma ya pamba."

"Basi yuko palepale. Nitapita nikijua anasikia miguu yangu."

Nikashuka tena. Wachukuzi walikuwa wamekwisha kulipata jambo lao la siku. "Bwana mkubwa," mmoja alimwambia shemeji, "kama ni mchezo wa kujificha, miguu inaonekana!" Shemeji hakucheka. Alitazama gati, akaitazama meli, kisha akatazama maji. Chini ya ngazi ya mawe palikuwa na mvuvi ndani ya mtumbwi wake, anakausha nyavu. Shemeji alizungumza naye kidogo. Halafu yule mtu wa milimani, asiyejua kuogelea, ambaye mke wake alinieleza baadaye kwamba hata kuoga ziwani huogopa, alivua viatu, akaingia mtumbwini kwa magoti, akazishika kingo zote mbili. Mvuvi akapiga kafi. Wakazunguka nyuma ya meli, wakaenda mbali upande wa pili, mpaka chuma chote kile kikawa kati yake na mama.

Nilimweleza mama. Aliondoa leso usoni.

"Kwenye maji? Yeye?"

"Yeye, mama. Amejikunja kama kuku kapuni."

Nilidhani atacheka, lakini macho yake yalikuwa yamejaa. "Kumbe binti yangu ameolewa na mtu," alisema, akachukua kijikapu chake. Alipita kwenye ubao ule, na kwenye gati yote, bila kutazama kushoto wala kulia, kichwa juu. Hata wachukuzi wakanyamaza, wakampisha.

Nyumba, kama shemeji alivyonielekeza, haikuwa mbali. Mama hakuikaribia. Palikuwa na jiko la nje, paa la nyasi juu ya miti minne, na jiko ni la mwanamke. Nilitandika mkeka hapo. Ndugu yangu alitoka ndani amebeba mtoto, akapiga magoti mbele ya mama.

Mama alimpokea mtoto. Nilitegemea atamchezesha, atasema mashavu haya, vidole hivi. Badala yake alijiweka sawa, akajifunika mabega vizuri, kama afanyavyo mwanamke mumewe anaporudi kutoka safari ya mbali, akamwambia kwa heshima, "Umefika?"

Mtoto akamtazama. Watoto wadogo hutazama hivyo, najua, nimelea wangu. Lakini chini ya paa lile hatukuthubutu kupumua, mimi na ndugu yangu, na hata leo nikiikumbuka asubuhi ile nywele zinanisimama. Mama alimpulizia kifuani polepole, akamwekea punje za wimbi kiganjani na kukifunga kile kiganja, akakishika ndani ya chake. Alimshika hivyo saa zote tulizokuwa nazo. Uji ulioletwa hakuunywa.

Honi ya kwanza ilipolia tuliondoka, maana honi ya kwanza ndiyo ya abiria. Zinazofuata ni za majuto. Tukiwa sitahani, meli ikarudi nyuma taratibu na kugeuka, na upande wa pili wa maji ukafunguka. Mtumbwi ulikuwa bado uko pale. Mtu aliyekuwa ndani yake alipotuona aligeuza mgongo upesi, karibu auzamishe. Mama naye akageukia mjini. Lakini niliona mkono wake ukienda nyuma, ukaifungua leso mpya mabegani na kuiachilia ipepee kwenye upepo upande wa mtumbwi, muda mrefu, kabla hajaifunga tena.

Mwanza, Bukoba na maajabu yake nitakusimulia ukipenda, lakini katika kupanga hayakuhitaji akili nyingi. Wewe fanya hivi kabla hujakata tikiti: chukua kila bandari mtakayoshuka, jiulize nani atasimama chini ya ubao, kisha mtazame kila mmoja unayesafiri naye na ujiulize kama anaweza kumpita mtu huyo uso kwa uso. Pale ambapo jibu ni hapana, tuma ujumbe mapema kwamba aje mwanamke wa jirani, na mwenye nyumba abaki kazini mpaka meli iondoke.