Singa Mbichi za Mama Kwenye Santuri

Maji ya mkonge yananuka. Nalisema mapema kwa sababu vijana wanaosifu muziki wa zamani huanza na taa na magitaa, na mimi nataka waanzie kwenye mtaro. Pale Ngombezi mtaro ulitoka korona, yaani kinu cha kuparua majani ya mkonge, ukapita nyuma ya nyumba zetu za kambi, na uvundo wake ukaingia kwenye ugali, kwenye nywele, hata kwenye kanga iliyofuliwa jana. Baba yangu alikuwa mkata mkonge, mwiba ukamla jicho moja. Lakini habari ya baba ni ndefu, tuiache. Leo namtaka mama.

Mama, Amina Mhando, Mzigua wa Handeni, kazi yake ilikuwa kuanika singa, yaani nyuzi za mkonge. Nyuzi zikitoka kinuni zimelowa, nzito kama mtoto aliyelala. Unashika fungu, unalikung'uta mara mbili hewani maji yatoke, halafu unalitupa juu ya waya. Pwaa, pwaa, kimya kidogo. Kwenye kimya hicho mama alikuwa anaimba, na safu nzima ya wanawake ikaitikia. Wimbo alioupenda aliutunga mwenyewe, juu ya nyapara ambaye tumbo lake lilifika kazini kabla yake. Nyapara akipita, waliimba kwa nguvu zaidi. Mimi nilipaswa kuwa darasani, nikatoroka kwenda kuwasikiliza. Shule yenyewe niliiacha mwaka wa pili, mwandiko wangu ni wa kisomo cha watu wazima, msinicheke.

Kambi ilikuwa na bendi. Jina lake silitaji, lisije likatia uchungu mdomoni. Mkubwa wao, Bwana Lukasi, mpiga gitaa, aliutaka wimbo ule, lakini mpiga ngoma wake alishindwa kuutoa ule mlio wa singa. Alijaribu fimbo, akajaribu brashi, akajaribu debe lenye mchanga. Siku moja Lukasi akaja kwenye uwanja wa kuanikia na shati lake jeupe.

"Dada Amina, huyu mpiga ngoma wangu ana mikono ya kusonga ugali. Njoo na singa zako Jumapili."

"Mkitaka singa mtaloa," mama akamwambia.

Wakaloa. Kwenye ukumbi wa kambi waliweka mashine ya kunasia sauti mezani, Lukasi akaimba wimbo wa mama, na mama akasimama na fungu bichi akikung'uta. Mimi nilishika ndoo yenye fungu la pili. Kila pwaa, maji yaliruka kwenye shati jeupe. Walipomaliza, Lukasi akasema Alhamisi wanapanda treni kwenda Dar es Salaam kurekodi kwenye redio, na mama aende nao, jina lake litatajwa. "Utusubiri stesheni," akasema.

Alhamisi hiyo tulikaa stesheni ya Korogwe tangu asubuhi. Mama alivaa kanga mpya, fungu la singa likiwa ndani ya gunia, na kila baada ya muda alilimwagia maji ya bomba lisikauke. Treni ikaja, ikaondoka. Bendi ilikuwa imeondoka jana yake kwa lori la shamba. Waliporudi, wimbo ukiwa umekataliwa redioni, Lukasi akamwambia mbele ya wenzake: "Dada, ungetuaibisha. Mwanamke na singa mjini!" Tangu hapo mama alikung'uta kimya. Wanawake wakimwomba aanzishe, alijibu, "Waulizeni wenye magitaa." Alikufa hajaanzisha tena.

Mwaka huu mjukuu wangu Zuhura, mwalimu wa Korogwe, kaniletea hapa Handeni kijana wa Dar es Salaam anayefufua muziki wa zamani. Ana santuri mpya, nyimbo za bendi ile zisizowahi kutoka, zilizonaswa kule ukumbini kambini. Akaweka gramafoni juu ya kigoda changu. Nilitaka nyimbo zikose utamu. Hazikukosa, gitaa la Lukasi linalia hasa, na hilo ndilo lililoniudhi. Wimbo wa tatu: pwaa, pwaa, kimya. Mwishoni kabisa kuna kicheko cha mwanamke, kifupi, cha mtu aliyemlowesha mkubwa.

Zuhura akasoma jalada: mtunzi Lukasi, na mpiga ngoma amesifiwa kwa kubuni mlio wa ajabu kwa brashi.

"Zima," nikasema. Nikamweleza kijana yote.

"Bibi, pole sana. Toleo lijalo tutarekebisha. Subiri kidogo tu."

"Subiri? Mama yangu alisubiri stesheni mpaka singa zikakauka. Chukua gramafoni yako."

Akaichukua, santuri akaniachia. Sina cha kuipigia. Juzi nikienda Mombo nilipita Ngombezi, nikaona wanawake wanaanika. Mlio ni uleule, ila anayeimba ni simu mfukoni mwa mmoja wao. Zamani walimwimba nyapara akiwa mbele yao, siku hizi wanaimbiwa na watu wasiowajua.

Wino haushiki kwenye lile jalada linaloteleza, kwa hiyo nilichukua msumari. Zuhura alipiga kelele kwamba naharibu kitu cha thamani. Herufi zangu zimepinda kama za mtoto, lakini nilianzia juu kabisa, na msumari ukapita katikati ya shati jeupe la Lukasi pichani: AMINA MHANDO, SINGA NI ZAKE, WIMBO NI WAKE.