Siku Mapafu ya Mbuzi Yalipokataa Kutoka Mkononi Mwangu

Nimewahi kusimama mbele ya mwenyekiti wa wazazi huku mapafu ya mbuzi yananing'inia mkononi mwangu, na hayatoki.

Usicheke. Ngoja kwanza.

Naitwa Lewa, kidato cha tatu, shule fulani ya kutwa huku Utange. Jina lake silitaji, bado nataka kurudi.

Alhamisi tulikuwa na somo la kupasua. Mwalimu Nadira alileta mapafu ya mbuzi wanne kutoka kwa muuza nyama, kila jozi na koromeo lake. Jozi moja kwa kila kundi.

Kisha akafunga mlango wa maabara, ufunguo akautia mfukoni. Muhula uliopita tulipopasua sungura, nusu ya darasa ilitoka mbio.

"Leo hatoki mtu mpaka nione kila mkono umelowa."

Mimi nilishakuwa na barua mbili za onyo. Ya pili ilisema wazi: upuuzi mmoja tena maabara, nyumbani wiki mbili. Na mtihani wa vitendo ulikuwa Jumatatu.

Ningetulia, kama nisingekuwa mimi.

Kundini mwetu yumo Dorcas. Siku ya sungura alitapika ndani ya ndoo. Tangu hapo namwita Daktari Ndoo, na sijawahi kuruka siku hata moja.

Mwalimu alipogeukia ubao, nikasukuma kidole gumba ndani ya koromeo mpaka kikazama. Nikayainua mapafu, nikatembea kwa madaha.

"Daktari Ndoo, waonaje mkoba wangu mpya?"

Wenzangu wakaziba midomo. Dorcas hata hakutabasamu.

"Yarudishe kwenye trei, Lewa."

Nikavuta. Wapi!

Nikavuta tena. Mbuzi mwenyewe alikuwa mdogo, koromeo jembamba, na kidole kadiri ninavyokivuta ndivyo kinavyovimba.

Jasho likanitoka. Mara mlango ukagongwa.

Mwalimu akaufungua, akaingia Mzee Kombe, mwenyekiti wa wazazi, amekuja kuikagua maabara. Mlango ukafungwa tena nyuma yake.

Haraka nikayaficha mapafu ndani ya koti. Baridi yake ikanishika tumboni, maji yake yakateremka hadi kwenye suruali.

Sasa, Mzee Kombe ni mtu wa zamani. Haamkii darasa zima kwa mpigo kutoka mlangoni. Hupita meza kwa meza, kila mtoto na mkono wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Nikahesabu. Watu wanane kabla yangu.

Mlango una kufuli. Madirisha yana nondo. Na mkono wangu wa kulia uko ndani ya mbuzi. Nimpe wa kushoto? Afadhali nimtemee mate.

Watano.

Wawili.

"Shikamoo, mzee."

Mkono wake ukabaki hewani.

"Mkono una nini, mwanangu?"

"Unauma, mzee."

"Pole. Hebu niuone."

"Lewa!" Mwalimu akaita. "Mpe mzee mkono!"

Nikautoa. Mapafu yakachomoka kotini, yakaning'inia mbele ya kanzu ya mzee kama samaki wa kuuzwa.

Hakuna aliyecheka. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

"Mwalimu, naomba nimtoe." Alikuwa Dorcas, mkasi tayari mkononi.

"Dorcas, tafadhali usitetemeke," nikamnong'oneza.

"Unatetemeka wewe."

Ni kweli, wallahi.

Akaligeuza koromeo, akalipapasa upande wa nyuma. "Pete hizi ngumu hazikufunga mzunguko," akasema, kama anajisomea. "Huku nyuma ni laini, ili umio upate nafasi chakula kikipita."

Akapitisha mkasi hapo hapo palipo laini. Kidole kikatoka, chekundu kama pilipili, bila hata mkwaruzo.

"Nani aliyeanzisha upuuzi huu?" Mwalimu akauliza.

Sijafungua mdomo, Dorcas akajibu, "Mimi, mwalimu. Nilimwambia azibe njia ya hewa kwa kidole."

"Wewe? Kuniaibisha mbele ya mgeni! Basi chukua begi lako. Wiki mbili."

Meza yetu nzima ikanitazama. Nikaangalia sakafu. Kidole kiko huru, mtihani ni Jumatatu, ninachotakiwa kufanya ni kunyamaza tu.

Dorcas akaanza kukusanya mabuku yake, moja moja. Wala hakuniangalia.

Jamani, nilikuwa nimebanwa kuliko nilivyobanwa na mbuzi.

"Mwalimu, anadanganya. Ni mimi. Nilikuwa namcheka yeye."

Ufunguo ukatoka mfukoni. Mlango ukafunguliwa, na aliyetoka ni mimi peke yangu.

Jioni Dorcas alipita kwetu.

"Kwa nini ulidanganya?" nikamuuliza.

"Muhula mzima umenicheka. Nilitaka kujua kama utaniacha niondoke."

"Na kama ningenyamaza?"

"Ningefika mlangoni nikasema ukweli. Ungefukuzwa vile vile, tena mimi na wewe tusingesemeshana mpaka kidato cha nne."

Kumbe siku ile waliopasuliwa tulikuwa wawili, mbuzi na mimi.

Leo ni siku ya tano nyumbani. Mtihani umenipita, mama ananioshesha vyombo vya ukoo mzima, na jina la Daktari Ndoo nimelifuta kabisa mdomoni.

Ewe unayependa kuchekesha darasa kama mimi, mchague vizuri wa kumcheka. Iko siku utakwama mbele za watu, na mwenye mkasi ni yeye.