Nilivyofungua foleni ndani ya server ya kampuni ya korosho pale Mtwara bandarini

Habari za kazi wakuu. Hili nililifanya kwa mikono yangu, sina haja ya kulitia chumvi.

Mimi ni mtoto wa Likombe, hapa hapa Mtwara. Nina diploma moja tu, ila nimekaa miaka kwenye vyumba vya server Dar, kisha nikarudi nyumbani kufungua ofisi yangu mwenyewe. Wenye degree wakikwama wananipigia simu. Hilo mniachie nijisifu.

Msimu wa korosho uliopita aliniita Bi Rukia, mwenye kampuni ya clearing karibu na bandari, inayotoa hati za kusafirisha korosho. Server yake ya prosesa mbili ilikuwa inakwama kila asubuhi makarani wakiingia kwenye mfumo. Malori yamejaa nje, hati hazitoki.

"Mwanangu, adhuhuri ikifika haijakaa sawa, namwita mtaalamu wa Dar. Na mkataba wa mwaka anachukua yeye."

Huo ungekuwa mkataba wangu mkubwa wa kwanza tangu nirudi.

Shomari, karani wake mkuu, akadakia: "Mjomba, hiyo diploma umekuja nayo au umeiacha Likombe?"

Ofisi nzima ikacheka. Nikacheka nao, nikakaa kwenye keyboard.

Kwa wasiojua: data ikifika kwenye kadi ya mtandao, kadi inabisha hodi kwa prosesa. Hodi hiyo ndiyo interrupt, na kuna kidhibiti kinachoamua iende core ipi, yaani kitengo kipi cha kazi ndani ya prosesa.

Nikafungua /proc/interrupts, faili linalohesabu hodi za kila core. Core ya kwanza namba zinakimbia kama mita ya sheli. Nyingine zote sifuri tupu.

Nikaingia kwenye smp_affinity, panapopangwa hodi ipi iende core ipi, nikazigawa foleni za kadi, yaani mistari ya data inayosubiri, kwenye core za prosesa iliyo karibu nayo. Hati zikaanza kutoka. Nikaegemea kiti, nikaagiza chai.

Bi Rukia hadanganyiki kirahisi. "Zima, uwashe. Umeme wa hapa unaujua."

Nikawasha. Hodi zote zimerudi core ya kwanza.

Shomari akaniuliza kama chai nifungiwe nikanywee njiani.

Hapo nikajua kuna script, faili la amri zinazojiendesha zenyewe, inayozirudisha server ikiwaka. Nikaisaka, nikaipata. Inazima irqbalance, programu inayogawa hodi yenyewe, kisha inapeleka kila kitu core ya kwanza. Mtu alikusudia. Nikauliza nani aliagiza hivi.

Bi Rukia akacheka mpaka ushungi ukamteleza.

"Ni mimi. Fundi wa mwanzo alitaka kugawa, nikamwambia humu kila kitu kinaanzia kwa mkubwa, sitaki vurugu."

Na kweli wakuu, ofisi ile lori halitoki bila sahihi yake. Fundi wa watu kaipanga server kama alivyoikuta ofisi.

Nikaiondoa ile script, nikaweka yangu, nikazima, nikawasha. Safari hii kila core ikashika kazi yake. Adhana ya adhuhuri ilitukuta malori yanaondoka.

Mkataba ukaletwa mezani. Bi Rukia akautazama, akamsogezea Shomari kalamu.

"Saini wewe. Mimi naenda kuswali."

Nilichojifunza: kabla hujamshauri mteja anunue server mpya, angalia hodi zinaishia wapi, halafu muulize bosi aliwahi kuagiza nini.

Nyie mnaoiachia irqbalance kila kitu, najua mna la kusema. Semeni, ila mje na namba zenu.