Mkono wa Adui

Mpangaji wangu wa chumba cha nyuma huchora vitabu vya shujaa anayeruka magorofa gizani akimsaka adui yake. Vidole vyake vimekolea wino, akimshika paka mweupe, paka anaondoka na madoa ya chui. Hachori kitu mpaka akiguse kwanza. Akitaka ngumi, anajitwanga shavuni taratibu, ndipo anainamia meza. Ajabu ni kwamba shujaa humchora huku mwenyewe amenuna kama mtu aliyebanwa na viatu, lakini akifika kumchora adui anacheka peke yake, na mguu unacheza chini ya meza. Mikono ya adui ni hii yangu, yenye mishipa, alinibembeleza nikamwazima.

Juzi akaniita. "Bibi, leo adui anakufa. Bosi kasema asipoanguka leo, kazi anampa mchoraji mwingine."

"Nimekukosea nini, mjukuu wangu?"

Akanisimamisha kwenye kiti, nyuma yangu katandika godoro, akanishika kifundo cha mkono, nami nikajiegemeza nyuma kama ninayening'inia ghorofani. Kilichobaki ni aniachie, aone vidole vinavyofunguka. Hakuniachia.

"Achia basi, chini ni godoro."

"Ngoja kidogo, bibi."

Kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho. Simu ikalia, akaipokea kwa mkono wa pili. Sauti ya bosi ilinifikia hata mimi: adui ameshaanguka?

"Bado," akasema, akanikaza zaidi. "Nimemshika."