Shangazi Kanikuta Kwenye Meza ya Ruta

Wiki ile nilikuwa nacheka na mbao, sitanii. Nilikuwa nimechumbiwa, karakana yangu ya Chang'ombe imejaa kazi hadi mlangoni, na kila nikishika mninga naona harusi. Kilichobaki ni kimoja tu: shangazi wa mchumba wangu aje kutoka mbali huko, Kibakwe, aniangalie adabu, kisha aseme ndiyo au hapana. Kwao, shangazi akisema hapana, hata baba mzazi hana la kuongeza.

"Akiingia tu, piga goti, mpe shikamoo," mchumba wangu alinihusia kwenye simu. "Huyo mama atakusamehe ugali mbichi, lakini salamu hasamehi."

Nikamwambia aondoe shaka. Mimi na magoti yangu tulikuwa tayari kwa Jumamosi.

Mama wa watu akaja Alhamisi!

Na alinikuta wapi? Kwenye meza ya ruta. Ruta ni mashine ya kuchonga kingo na maua ya mbao. Yangu nimeifunga chini ya meza, kisu kinachomoza juu kupitia tundu, na ubao ndio unaopitishwa. Kisu kikizunguka hukioni vizuri, unaona kama kivuli tu, ndiyo maana kinawadanganya watu. Nina masharti yangu, na anayecheka shauri yake. Khanga haisogei pale, nywele ziko ndani ya kilemba, na glovu sivai, kwa sababu kisu kikidaka uzi kinakuja na mkono. Ubao nausukuma kutoka kulia kwenda kushoto, ukipingana na mzunguko wa kisu. Ukikosea upande unapokonywa mikononi, na vidole vinaufuata. Mwishoni nasukumia kibao chenye mpini, si kiganja. Na nikishaanza, sigeuki.

Basi niko katikati ya fremu ya kabati, nimeziba masikio kuzuia kelele, naimba kama chizi, mara kwa pembe ya jicho naona kitenge na kikapu mlangoni. Sura ile ile ya mchumba wangu, ila imezeeka na imenuna. Magoti yenyewe yakaanza kukunjika, jamani, si yamefundishwa tangu utotoni? Mkono wa kushoto ukalegea. Ubao ukatetemeka, ukapiga kelele mbaya.

"Wee!" nikajifokea mwenyewe, nikaukaza. Nikaendelea kusukuma polepole, macho kwenye mbao, huku ndoa yangu imesimama mlangoni bila salamu. Nilitaka kulia, nikataka kucheka. Ubao wenyewe ulikuwa hauishi, utadhani unatokea Kibakwe.

Ukaisha. Nikazima. Nikasubiri kisu kisimame kabisa, maana hata ukizima kinaendelea kuzunguka kidogo, nikachomoa na waya. Ndipo nikajitupa magotini kwenye maranda.

"Shikamoo, shangazi! Nisamehe, nisingeweza kugeuka, mashine hii..."

Hakuitikia. Akanishika mikono yote miwili, akaipindua huku na huku kama anayechagua nyanya sokoni, akavuta kidole kimoja kimoja. Kisha akatoa simu, akampigia kaka yake, yaani baba mkwe wangu mtarajiwa, kwa sauti ya kusikika mpaka mtaa wa Makole.

"Kaka, nimefika. Nimesimama mlangoni mpaka miguu imeuma, mtoto hajanigeukia."

Nikafumba macho. Nikaanza kufikiria nitamwambia nini mama yangu.

"Kamaliza kwanza ubao wake," akaendelea. "Nimeona kabisa anatetemeka kwa kuniogopa, lakini hajaacha. Sasa yuko hapa miguuni kwangu, na vidole vyake vyote. Kaka, toeni ng'ombe upesi, kabla huyu hajapata akili akatukataa!"

Akakata simu, akaniangalia.

"Marahaba, mwanangu."

Bibi harusi hajipigii vigelegele, najua. Mimi nilijipigia, pale pale chini, mdomo umejaa vumbi la mninga.