Uvunguni, Msimu wa Salfa

Msimu wa salfa ukianza huku Mpapura, mimi na mama hatutoki nyumbani. Alfajiri, umande ungali kwenye maua ya mikorosho, majirani wanawasha mashine zao za mgongoni kupuliza dawa hiyo ya unga, na mlio wa kwanza tu unamtosha mama. Anashuka kitandani, anaingia uvunguni, anajilaza kifudifudi, viganja kisogoni. Kwake yeye zile ni ndege za Wareno.

Majirani siwezi kuwakataza. Ubwiriunga, ule ukungu mweupe, ukishika maua hakuna korosho, na hao hao ndio wanaotuletea kisamvu. Kumhamishia kwangu mjini tulijaribu, akalia mpaka tukamrudisha. Basi nimefunga genge langu la karibu na bandari, nimekaa hapa. Kaka zangu wananipigia simu kunipa pole, na pole yao naichukia. Pole haimgeuzi mgonjwa ubavu.

Mama alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma. Akiwa msichana, yeye na dada yake walibeba makombora kichwani kuwapelekea wapigania uhuru waliokuwa wakishambulia kambi kubwa ya Wareno. Wabebaji walikuwa na sharti lao: ndege ikija, mkubwa anamlaza mdogo chini, na mdogo hainuki mpaka aitwe na yule yule aliyemlaza. Siku ya shambulio hilo, dada mtu alimlaza mama mferejini, akarudi kuufuata mzigo. Hakuonekana tena. Kesho yake wapiganaji walimkuta mama amelala vile vile, wakambeba akipiga mateke.

Zamani alitusimulia hayo huku akicheka. Sasa kumbukumbu zimemtoka, sharti limebaki.

Mwaka huu kifua kilikuwa kinamsumbua. Asubuhi moja upepo ukageuka, unga wa salfa ukaingia chumbani, shuka likawa la njano. Mama akakohoa kule uvunguni mpaka sauti ikamkauka.

"Mama, toka, utakufa humo!"

Nikamvuta mkono. Akang'ang'ania mguu wa kitanda, akaning'ata. Nikamfokea, nisiseme uongo, kisha nikaanza kulia. Mwanamke mzima nimelala sakafuni, nimebanwa kati ya ukuta na kitanda, na mama yangu anakosa pumzi kwa sababu ya utii.

Lisilobudi hutendwa. Nikamwita kwa Kimakonde, kwa sauti nyembamba ya kisichana: "Mdogo wangu, inuka. Ndege zimeondoka. Ni mimi, dada yako."

Akatoka. Alitambaa mpaka mapajani pangu, nyusi zimejaa vumbi la njano, akanishika uso kwa mikono miwili.

"Dada, mbona umekawia hivyo?"

Nilimbeba hadi jikoni, upande ambao upepo ulikuwa safi, nikamkanda mgongo mpaka pumzi ikarudi. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Mchana alilala vizuri, hata akakoroma, nami nikajiona mjanja.

Jioni nilimpelekea uji. "Mama, kunywa kidogo."

Akageuka kutazama mlangoni, aone anayeitwa ni nani. Hakumwona mtu.

"Mama si tulimwacha nyumbani, dada? Umesahau?"

Nikamwambia sijasahau. Nikampoozea uji, nikamnywesha. Tangu siku hiyo hajaniita mwanangu.