Mama Mizani na Askari Ishirini

Jina hilo alilipata kwa ile mizani iliyoning'inia kwenye boriti ya kibanda chake cha kununulia maharage. Alianza na debe moja, akiwa msichana, na akafika mahali malori yanamfuata yeye. Kwa kupatana bei hakuwa na mpinzani. Ukikataa bei yake, hakuiti; ukirudi, imeshashuka. Watu wa kabila lake walimuuzia, na wa kabila la ng'ambo ya mto walimuuzia, na wote walimwita mnyonyaji. Hapo angalau walikuwa kitu kimoja.

Kisha wa ng'ambo wakavuka alfajiri na mapanga na viberiti, wakisema ardhi ni yao. Waliowahi kukimbia walijikuta mjini, wamelala kwenye darasa la shule, hesabu za watoto bado ziko ubaoni. Redioni serikali ilitangaza kwamba ulikuwa ugomvi wa mifugo.

"Mifugo gani?" mdogo wake akauliza. "Mimi nina bata tu."

"Basi ndio hao," Mama Mizani akasema. "Yule dume wako nilikwambia ana kiburi."

Darasa zima likacheka, hata wajane.

Afisa wa serikali akaja na viatu vilivyong'aa. Hali ni shwari, alisema, watu warudi wakavune. Kuna mgeni mkubwa kutoka makao makuu atakuja kujionea. Alimkazia macho Mama Mizani, maana alijua akirudi huyu, wengine watafuata.

"Tutawapa askari sita."

Mama Mizani akacheka kile kicheko chake cha kuletewa maharage yenye wadudu. "Sita, mheshimiwa? Watatu wakilala, waliobaki si wa kuchemsha chai?"

"Kumi, basi."

Akachukua mkoba wake, akaelekea mlangoni. Hakufika. Walimalizia kwenye ishirini, na gari juu yake. Wanawake wakampigia makofi.

Mdogo wake hakupiga. "Dada, mimi kule sirudi."

"Askari ishirini na gari, mdogo wangu. Maharage yanaozea shambani. Utapanga foleni ya unga mpaka lini?"

Mdogo wake akarudi, kwa sababu aliambiwa na dada yake.

Askari walikuja kweli. Mama Mizani aliwahesabu mwenyewe walipokuwa wakishuka. Mgeni naye akaja, akapigwa picha kando ya mizani na konzi ya maharage mkononi, akaondoka. Siku chache baadaye askari wakaanza kukunja hema.

"Mnakwenda wapi?" akamuuliza mkubwa wao.

"Amri, mama. Kazi imekwisha."

"Tulipatana ishirini."

"Na ishirini si tulikuja?"

Mama Mizani alipatana vichwa, hakupatana siku. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kununua: kitu kikishapimwa ni chako, unaondoka nacho. Hakuwahi kukodi kitu.

Akamwambia mdogo wake alinde ghala la maharage, akadandia lori kwenda kumtafuta afisa. Afisa yuko kikaoni, akaambiwa. Akakaa kwenye benchi la nje, akipanga maneno: wiki ngapi, miezi mingapi, nani atawalisha. Alikuwa bado anayapanga wakati watu wa ng'ambo walipovuka tena.

Alimkuta mdogo wake amekatwa mapanga kwenye mlango wa ghala, funguo ameshaziingiza kwenye kufuli. Kama alivyoagizwa, hakuwa ameacha mlango. Maharage walikuwa wameyabeba, na mizani vilevile. Yule bata dume alikuwa uani, anatembea.

Waliosalia wakarudi darasani kulekule, safari hii nafasi ikiwa kubwa zaidi. Redio ikataja mifugo. Afisa akaja na mablanketi na pole nyingi, akasema serikali haitalivumilia jambo hili.

"Safari hii mtapewa thelathini," akasema.

Wanawake wakamgeukia Mama Mizani, wakingoja kile kicheko. Alikuwa ameketi chini, ameegemea ukuta, anajaribu kung'oa funguo za ghala kutoka kwenye kipande cha kufuli kilichovunjwa. Hakuinua kichwa.

Afisa akangoja. Akakohoa.

"Haya, arobaini," akasema, ingawa hakuna aliyekuwa anashindana naye.